Kwa nini shabiki wa Eastlands huhama timu

MWANASIASA akihama chama katika nchi hii, majirani hutikisa vichwa kwa siku mbili kisha wakasahau. Muumini akihama dhehebu, jamaa zake humwombea. Lakini mkazi wa Kaloleni au Jericho aliyejulikana kwa miaka 20 kuwa mfuasi wa Gor Mahia akionekana Jumapili amevaa jezi ya timu nyingine, atatakiwa kujieleza kwa kinyozi, kwa muuza mboga, kwa shemeji yake na hata kwa makanga wa matatu asiyemjua.

Hata hivyo, watu huhama. Wamehama kwa wingi tangu miaka ya 1990, na uhamaji huo umebadilisha kabisa sura ya Jumamosi na Jumapili katika mitaa ya mashariki mwa Nairobi, kuanzia Muthurwa na Shauri Moyo hadi Kayole na Dandora. Wanahama kutoka wapi, wanaelekea wapi, na ni nini hasa kinachopotea njiani?

Jibu linaanzia kwenye nyumba. Serikali ya ukoloni na shirika la reli walipohitaji vibarua na makarani, waliwajengea makazi upande wa mashariki, karibu na reli na viwanda. Ndivyo ilivyozaliwa mitaa kama Muthurwa, Makongeni, Kaloleni na Ziwani. Wengi wa wafanyakazi wa reli walitoka magharibi mwa nchi. Walikuja na vyama vyao vya kusaidiana, vya kusafirisha maiti na kuchangia karo, na kutokana na mshikamano huo zikachipuka timu za kandanda.

Abaluhya United iliundwa mwaka wa 1964 kwa kuunganisha timu kadhaa ndogo za Waluhya. Gor Mahia ilifuata mwaka wa 1968, ikatwaa jina la mganga mashuhuri wa Kanyamwa, na kunyakua ubingwa wa ligi mwaka huo huo. Uwanja ulikuwa pale pale kwenye Barabara ya Jogoo, ule uliojulikana kwa miaka mingi kama City Stadium kabla ya kupewa jina la Joe Kadenge mwaka wa 2019. Mkazi wa Kaloleni alihitaji viatu tu ili kuwaona mashujaa wake. Nauli haikuwa suala.

Kwa hivyo shabiki wa zama hizo hakuchagua timu. Aliirithi, kama alivyorithi jina la babu yake. Serikali ilipoamuru mwaka wa 1980 kwamba vyama vya kikabila vivunjwe, Abaluhya ikageuka kuwa AFC Leopards na Luo Union ikawa Re-Union. Majina yakabadilika kwenye vyeti. Mashabiki hawakusogea hata hatua moja. Amri ya Rais haikuweza kuwatenganisha na timu zao. Kilichokuja kuwatenganisha nazo baadaye ni kisanduku kidogo cheusi kinachowekwa juu ya televisheni.

Isidhaniwe kwamba hapakuwa na kuhama wakati huo. Luo Union, iliyokuwa miongoni mwa timu zilizoungana kuunda Gor Mahia, ilirejea ikajitegemea na kutwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka wa 1976 na 1977. Katika nyumba moja ya Waluo ungeweza kumkuta kaka mkubwa upande huu na mdogo wake upande ule. Lakini huko kulikuwa kuhama chumba, si kuhama nyumba.

Pambano la Gor na Leopards, au K'Ogalo na Ingwe kama mitaa inavyoziita, likapewa jina la debi ya mashemeji. Jina hilo lina maana yake. Waluo na Waluhya wamepakana na kuoana kwa vizazi vingi, na katika mitaa hii si ajabu mume akawa wa kijani na mke wa bluu na nyeupe. Shemeji ni mtu unayeruhusiwa kumtania mpaka atokwe na machozi, ila huruhusiwi kumpiga. Ulikuwa uhasama wenye mipaka, ingawa si kila shabiki aliikumbuka.

Kilele cha enzi hiyo kilikuwa mwaka wa 1987. Gor Mahia ilienda Tunis ikatoka sare ya 2-2 na Esperance katika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, kisha ikatoka sare ya 1-1 katika uwanja wa Kasarani, ambao ulikuwa umefunguliwa mwaka huo huo kwa ajili ya Michezo ya Afrika. Mabao ya ugenini yakaamua. Austin Oduor, nahodha, akanyanyua kombe. Hakuna klabu nyingine ya Kenya iliyowahi kulitwaa kombe hilo. Leopards nao walikuwa wametwaa ubingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Mtoto aliyekulia Makongeni miaka hiyo hakuwa na haja ya kuangalia ng'ambo ili kupata mabingwa.

Kisha mambo yakaharibika, wala hayakuharibika siku moja. Gor ilitwaa ligi mwaka wa 1995 na haikuigusa tena hadi 2013, kipindi cha miaka 18. Leopards ilitwaa ya mwisho mwaka wa 1998, baadaye ikashuka daraja, na kurejea katika Ligi Kuu mwaka wa 2009. Wakati huo wote viongozi wa soka walikuwa wakivutana ofisini na mahakamani. Shirikisho la soka duniani, FIFA, liliifungia Kenya mwaka wa 2004, likaifungia tena mwaka wa 2006, na kwa mara nyingine mwaka wa 2022. Shabiki aliyetaka kujua mechi itachezwa wapi na saa ngapi alilazimika kuwa na subira ya mvuvi.

Juu ya hayo kulikuwa na hofu. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika uwanja wa Nyayo, watu saba walikufa katika mkanyagano kwenye lango wakati wa debi ya mashemeji. Saba waliotoka nyumbani kutazama mpira. Mzazi aliyemkataza mwanawe kwenda uwanjani baada ya siku hiyo hawezi kuitwa msaliti wa K'Ogalo wala wa Ingwe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu wanaowakemea mashabiki waliohama huzungumza kana kwamba wote walifuata anasa. Kuna waliokimbia.

Walikokimbilia kulikuwa tayari kumeandaliwa. Wazee wanakumbuka enzi ambapo soka ya ng'ambo katika runinga ya taifa ilimaanisha kipindi cha ligi ya Ujerumani, kilichorushwa baada ya matokeo kujulikana zamani. Mwaka wa 1992 Waingereza wakaanzisha Ligi Kuu yao mpya, na katikati ya muongo huo setilaiti za DStv zikaanza kuileta moja kwa moja. Gharama ya king'amuzi ilikuwa juu kuliko kodi ya nyumba ya wengi wa wakazi wa Huruma au Mathare. Ndipo akatokea mtu ambaye historia ya soka yetu haijamtaja ipasavyo: mwenye kibanda cha video.

Huyu alichukua chumba cha mabati, akaweka mabenchi ya mbao, televisheni moja au mbili na waya wa umeme ambao chanzo chake hakikuulizwa. Kiingilio kilikuwa shilingi 20 au 30. Mlangoni aliweka ubao ulioandikwa kwa chaki timu zitakazocheza na saa zake, na saa hizo zilikuwa za kweli. Hilo la mwisho si dogo. Shabiki aliyezoea kufika uwanjani akaambiwa mechi imeahirishwa alikuta kwa mara ya kwanza mchezo unaoheshimu muda wake.

Mwaka wa 2007 ilikuja kampuni ya GTV, iliyouza matangazo ya ligi hiyo kwa bei nafuu, na vibanda vikaongezeka. Mwishoni mwa Januari 2009 kampuni hiyo ikaporomoka ghafla na skrini zikawa nyeusi katikati ya msimu. Wenye vibanda wakatafuta njia nyingine. Wateja wao hawakurudi City Stadium, walisubiri.

Kibanda kilikuwa na fadhila nyingine ambayo wachambuzi wengi huipita. Ndani yake kabila lilinyamaza. Mkikuyu wa Bahati, Mkamba wa Makadara, Msomali wa Eastleigh na Mluo wa Kaloleni waliweza kukaa benchi moja wote wakiwa wa Arsenal, au wakagawanyika bila jina la ukoo la mtu kutangulia kutoa jibu. Kwa kijana aliyezaliwa Umoja, au Dandora ule ulioanzishwa kwa fedha za Benki ya Dunia miaka ya 1970, anayezungumza Sheng na kwenda kijijini Krismasi pekee, timu ya kabila la baba ilikuwa kama shamba la urithi ambalo hajawahi kulilima. Kwa wale ambao jamii zao hazikuwa na klabu kubwa hata kidogo, timu ya Uingereza ilikuwa ya kwanza waliyowahi kuiita yao. Hao hatuwezi kusema walihama. Walipanga nyumba kwa mara ya kwanza.

Ukitaka kukisia umri wa mtu wa Eastlands, muulize timu yake ya Uingereza. Waliokomaa kabla ya 1990 wana mwelekeo wa Liverpool, kwa sababu ndiyo iliyotawala katika redio na magazeti ya ujana wao. Wa miaka ya 1990 wakaikuta Manchester United ya Alex Ferguson ikishinda karibu kila kitu. Arsenal ilipata wafuasi wengi mno pale ilipowachezesha Kanu, Lauren na Kolo Toure, na ilipomaliza msimu wa 2003-2004 bila kushindwa. Roman Abramovich akainunua Chelsea mwaka wa 2003. Ikatwaa ligi mwaka wa 2005 na 2006 ikiwa na Didier Drogba mbele, na ghafla jezi za bluu zikajaa Gikomba. Manchester City, iliyopata matajiri wapya mwaka wa 2008, ilichukua wadogo zao. Bila shaka kuna wasiofuata kanuni hii. Kila mtaa una mzee mmoja wa Leeds United.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kuhama kwa aina ya pili, yaani kutoka timu moja ya Uingereza hadi nyingine, na ndiko kunakochekwa zaidi. Aliyetoka Gor kwenda Arsenal husamehewa, kwani anaweza kudai kwamba bado ana zote mbili. Aliyetoka Arsenal kwenda Chelsea mwaka wa 2005, kisha akaonekana na jezi ya City mwaka wa 2012, huitwa kigeugeu mbele ya watoto wake.

Mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, pamoja na wenzake, walichapisha mwaka wa 1976 utafiti uliosaidia kueleza tabia hii. Waliwachunguza wanafunzi wa vyuo vikuu na kuona kwamba Jumatatu baada ya timu ya chuo kushinda, wengi zaidi walivaa mavazi yenye nembo ya chuo kuliko ilipokuwa imeshindwa. Wakawapigia wengine simu kuwauliza kuhusu mechi, wakabaini kwamba ushindi ulielezwa kwa neno "sisi" mara nyingi kuliko kushindwa. Mtu hujisogeza karibu na mwanga wa mwingine ili naye aonekane.

Kiswahili kinaonyesha jambo hilo waziwazi kuliko Kiingereza, kwa kuwa kwetu linakaa ndani ya kitenzi chenyewe. Simama nje ya kibanda chochote cha Kayole mechi inapomalizika. Utasikia "tumeshinda", "tumewanyuka", "tunaongoza". Wiki inayofuata, kinywa kile kile kitasema "wamefungwa", "hawajui kununua wachezaji", "kocha wao amechoka". Silabi moja imebadilika, na mtu amekwisha kuondoka uwanjani. Anayesema "tumefungwa" Jumatatu asubuhi, mbele ya watu, huyo ndiye shabiki. Kwangu mimi, kipimo hicho kinatosha kuliko jezi.

Kwa nini basi wengi huvumilia? Kwa sababu kuhama kuna gharama, na gharama yenyewe si pesa. Utani wa miaka kumi uliowarushia wenzako utarudishwa wote, tena kwa riba. Marafiki uliokaa nao benchi moja watahisi umewahukumu. Pia kuna mkusanyiko wa uchungu ambao mtu hataki upotee bure: aliyeisubiri Liverpool tangu 1990 hadi ilipotwaa ligi tena mwaka wa 2020 hangeweza kukata tamaa mwaka wa 2015, kwani miaka 25 ya kungoja ingekuwa imemwagika mchangani.

Ushabiki huo wa mbali umewahi kuhusishwa na maafa. Mei 2009, Arsenal ilipochapwa 3-1 na Manchester United katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, kifo cha kijana mmoja wa Embakasi kiliripotiwa kote duniani kwamba kilisababishwa na matokeo hayo. Desemba 2013 kukaripotiwa kingine katika eneo hilo hilo, mara hii Manchester United ilipofungwa nyumbani na Newcastle. Sisi tunaoandika vichwa vya habari tunapaswa kuwa waangalifu hapa. Kichwa cha habari kina nafasi ya maneno sita au saba, na maisha ya mtu hayaenei humo. Mtu anayefikia hatua hiyo kwa kawaida alikuwa akibeba mambo mengine ambayo hakuna aliyemuuliza. Lakini ni kweli kwamba kwa kijana asiye na kazi, timu inayoshinda inaweza kuwa habari njema ya pekee katika wiki nzima, na hilo linatosha kuwafanya jirani na jamaa wamtazame kwa makini inaposhindwa.

Tangu katikati ya miaka ya 2010 kumeongezeka jambo jingine ambalo limelegeza ushabiki kuliko runinga ilivyowahi kufanya. Kamari ya simu ya mkononi imemfanya shabiki awe na timu kumi kwa alasiri moja. Kijana wa Umoja anayetengeneza mkeka wake Jumamosi asubuhi huweka timu ya Italia, mbili za Uhispania, moja ya Uturuki asiyojua hata inavaa rangi gani, na kama hesabu inamwambia hivyo, huweka pesa dhidi ya timu anayodai kuipenda. Timu yake ikishinda, mkeka unachanika. Ikishindwa, analipwa na kunyamaza. Sijui tumwite nani mtu huyo. Hajahama, lakini hayupo.

Turejee kwenye pesa, maana hapo ndipo hasara halisi ilipo. Shilingi 30 za kibanda hazikuwahi kufika London wala Manchester kwa namna yoyote ambayo klabu za huko zingeitambua. Klabu za huko zinaishi kwa mikataba ya televisheni na wafadhili. Klabu ya Kenya, kwa upande mwingine, inategemea lango: huyu akilipa, yule akilipa, mchezaji anapata marupurupu na basi linatiwa mafuta. SuperSport ilipojiondoa katika ligi yetu mwaka wa 2017, na SportPesa ilipositisha ufadhili wake mwaka wa 2019, klabu ziligundua jinsi zilivyokuwa zimebaki na watu wachache wa kuegemea. Shabiki mmoja akihama Arsenal, Arsenal haitajua kamwe. Mia tano wakiacha kwenda uwanjani Jumapili moja, kuna mlinda lango ambaye hatalipa kodi.

Kuna waliojaribu kumpa mkazi wa Eastlands timu isiyo ya kabila wala ya ng'ambo. Chama cha michezo cha vijana wa Mathare, MYSA, kilichoanzishwa mwaka wa 1987 na Bob Munro wa Kanada, kiliunganisha ligi za watoto na kazi ya kuzoa taka mtaani. Timu iliyofanya usafi iliongezewa pointi kwenye jedwali. Humo ikazaliwa Mathare United mwaka wa 1994, ikatwaa Kombe la Moi mwaka wa 1998, na mwaka wa 2008 ikawa bingwa wa Kenya chini ya kocha Francis Kimanzi. Kariobangi Sharks, iliyoundwa mwaka wa 2000, ilipanda hadi Ligi Kuu mwaka wa 2017.

Ajabu ni kwamba hata timu hizi zilipofaulu, majirani zake hawakumiminika. Si siri kwamba Sharks ikikutana na Gor Mahia, wakazi wengi wa Kariobangi wenyewe hukaa upande wa Gor. Wameipenda timu ya mtaa kama mtu anavyompenda mtoto wa jirani aliyefaulu mtihani. Wanafurahi, wanapiga makofi, lakini karo hawalipi. Mtaa wa kupanga una shida hiyo. Mtu anayehama Kariobangi kwenda Kayole kodi inapopanda hawezi kujifunga kwa jina la mtaa, ilhali jina la babu linamfuata popote.

Wenzetu wa Tanzania wamekwenda njia tofauti. Huko Dar es Salaam, kuhama Yanga kwenda Simba ni jambo la kusimuliwa kwa miaka, ingawa Simba yenyewe ilianza kwa kuhama: kundi lililojitenga na Yanga mwaka wa 1936, likapitia majina kadhaa ya Kiingereza, pamoja na Sunderland, hadi lilipojiita Simba mwaka wa 1971. Timu hizo mbili hazikujengwa juu ya kabila, hivyo mgeni kutoka Mwanza au Mtwara aliweza kuingia. Runinga ya Uingereza ilipofika iliwakuta tayari wana nyumba. Huko pia wanazipenda Arsenal na Chelsea, lakini kama chakula cha ziada.

Kwetu, wapo waliorejea. Waswahili husema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Gor ilipovunja ukame wake mwaka wa 2013 na kuendelea kutwaa mataji ya 2014 na 2015, wengi waliokuwa wamenyamaza kwa miaka 18 walionekana tena Barabara ya Jogoo wakiwa na vuvuzela na matawi. Wakaidi waliwauliza walikuwa wapi. Swali hilo si la haki kabisa. Wengi wao hawakuwa wamehamisha moyo. Walikuwa wamehamisha Jumapili. Mtu anaweza kubeba timu mbili, moja ya kumburudisha na nyingine ya kumuumiza, na ile inayomuumiza ndiyo yake.

Wachezaji wetu nao walichanganya hesabu. Ndugu wawili waliokulia Muthurwa, McDonald Mariga na Victor Wanyama, ni wana wa Noah Wanyama aliyeichezea Leopards. Mariga alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka wa 2010. Mdogo wake alipojiunga na Southampton mwaka wa 2013, na kuwa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, vijana wa mitaa ile waliogundua mapenzi mapya kwa Southampton hawakuitwa vigeugeu. Alipoenda Tottenham mwaka wa 2016, mashabiki wa Arsenal wa Eastlands walipata mtihani mgumu: kumshangilia mwana wa jirani katika jezi ya hasimu mkuu. Wengine waliufaulu kwa kumshangilia yeye na kuizomea timu, jambo ambalo nadhani linawezekana Nairobi pekee.

Jumapili ya tarehe 7 Julai 2019, Everton ya Uingereza ilikuja Kasarani kucheza na Kariobangi Sharks. Dakika 90 zilimalizika 1-1, na Sharks wakashinda kwa penalti 4-3. Timu ya mtaa wenye mitaro wazi ilikuwa imeiondosha klabu ya ligi ile inayoangaliwa vibandani. Siku hiyo hiyo alifariki Joe Kadenge, nyota wa Abaluhya, ambaye jina lake wazee walilitaja kila walipotaka kuwaambia vijana kwamba hawajaona mpira. Magazeti ya Jumatatu yalilazimika kugawa ukurasa kati ya habari hizo mbili.

Agosti 2025 ilileta ushahidi mwingine. Kenya, Uganda na Tanzania ziliandaa fainali za CHAN, mashindano ya wanasoka wanaocheza katika ligi za nyumbani. Harambee Stars ya kocha Benni McCarthy iliilaza DR Congo 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Angola, ikaifunga Morocco 1-0 na Zambia 1-0, kabla ya kuondolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Watu waliokuwa wakisema hawana muda na soka ya Kenya walifurika Kasarani hadi shirikisho la Afrika, CAF, likapunguza idadi ya mashabiki wanaoruhusiwa kwa sababu ya fujo langoni. Wachezaji waliowashangilia ni wale wale wanaocheza mbele ya viti vitupu wikendi za kawaida.

Ila furaha hiyo haikuwa na klabu ya kuelekea moja kwa moja. Bingwa wa msimu wa 2024-2025 alikuwa Kenya Police, timu ya idara ya serikali iliyotwaa taji lake la kwanza, kama vile Tusker, Ulinzi na nyinginezo za mashirika zilivyofanya kabla yake. Ni timu nzuri, zinalipa mishahara kwa wakati na kucheza mpira wa mpangilio. Lakini kijana wa Jericho atasemaje "tumeshinda" kuhusu polisi?

Kwa sasa anayetaka kujaribu kurudi anaweza kuanza bila tikiti ya bei. Mwishoni mwa mwaka kuna mashindano ya Koth Biro pale Ziwani, yanayofanyika tangu miaka ya 1970, na uwanja wa Camp Toyoyo huko Jericho una mechi karibu kila wikendi. Kwa ligi yenyewe, suala ni la saa. Mechi ya Nairobi ikianza saa tisa alasiri kwa wakati uliotangazwa, humalizika kabla ya saa kumi na moja, na mechi nyingi za Uingereza za Jumamosi huanza saa kumi na moja jioni kwetu, au saa kumi na mbili majira yao ya baridi yakifika. Shabiki anaweza kutazama zote mbili, mradi anatoka City Stadium. Akitoka Kasarani na kukwama Thika Road, atawahi kipindi cha pili.